Okidi Nyeupe Niliyoigundua Ruiru

Wangare dadangu,

Niaje? Baridi ya Kinangop haijakumaliza? Hapa Ruiru jua linanichoma hadi nazidi kuwa mzuri.

Nyambura, yule msichana niliyekuja kumwona, alinipeleka kwa msitu kando ya mto tukatafute okidi nyeupe. Mimi, niliyeacha shule kwa ombi la mwalimu, nikamwambia, "Mambo ya maua? Niulize mimi." Nilitaka anione mtu wa maana.

Mara nikaona kichaka kimejaa maua meupe, harufu tamu ajabu. Nikaegemea mti uliokuwa kando yake kama mheshimiwa. "Okidi ndiyo hii!"

Nyambura akainama. Nikadhani anaishangaa, kumbe anacheka. "Okidi nyeupe ya hapa hukaa juu ya mti, na ua lake lina mkia mrefu kwa nyuma. Haya, nionyeshe mkia."

Wangare, niliutafuta huo mkia! Nikageuza maua moja moja, nyuki wakinishangaa.

"Wewe," akasema akipangusa machozi, "hiyo ni kahawa, imejiotea tu. Kwenu mnaijua ya mkebe peke yake?"

Halafu akanyoosha kidole juu ya kichwa changu. Okidi zenyewe zilikuwa zimeshika mti niliouegemea, mikia yote nje.

Nilijua nimeachwa. Lakini amesema atakuja kwetu viazi vikichanua, aone kama hayo maua nayajua. Ni meupe pia, kwa hivyo kaa karibu unikanyage mguu nikikosea.

Msalimie Mama. Nawapenda, hata mkicheka.

Kaka yako mtaalamu,
Kamau