Sahani za Kwale Handakini

Hagthorn, 4 Juni 2016

Mama mpenzi,

Hali yako? Na goti? Na Bibi Edith, bado anabishana na televisheni? Mie mzima, ila matope yanaingia hadi kwenye chai. Shamba letu la zamani limejaa wachimbaji wa mambo ya kale, nami ndiye msimamizi wao. Tuna wiki tatu kabla kampuni ya ujenzi haijajenga nyumba sitini juu ya magofu ya monasteri, makao ya kale ya watawa.

Handaki la maji lililoizunguka ndilo tamu. Upande wa kanisa tumekuta mifupa ya nguruwe, debe zima! Watawa waliapa kutokula nyama, kumbe wanakula na kutupa ushahidi majini.

Sasa keti. Upande wa jikoni kwetu, juujuu, nimekuta zile sahani zenye picha za kwale zilizoibwa mwaka 1984! Ishirini na nne, nzima, ndani ya foronya. Wezi walizitupa wakikimbia. Bibi amezililia kila Krismasi! Tarehe 18 tunawaonyesha wanakijiji vitu vyote. Mlete, ila usimwambie.

Mwanao,
Tamsin

Skegness, 7 Juni

Tamsin mwanangu,

Goti halijambo, moyo ndio mgonjwa. Naandika barua kwa sababu simu iko sebuleni, na bibi yako ana miaka themanini na tatu lakini anasikia hadi mawazo.

Zifukie. Leo hii.

Hapakuwa na mwizi. Mwizi gani anaacha televisheni anabeba sahani? Ni mimi. Mama mkwe alinikabidhi nilipoolewa, huku anafuta machozi. Naye alipewa na mama mkwe wake, na bakuli la supu la seti hiyo, alisema, lilivunjwa na paka. Miaka mitatu, kila Jumapili, anakuja kula, nami natazamana na kwale wa kijani wenye macho ya mlevi. Siku moja nikasema basi. Hata polisi nilimdanganya, nikampa na keki.

Tunaishi nyumba moja, mwanangu. Akijua hatanisemesha tena, na nampenda yule bibi. Nihurumie.

Mama

Hagthorn, 11 Juni

Mama,

Salamu baadaye. Foronya ina herufi za jina lako, ulizidarizi mwenyewe! Siwezi kufukia. Kila kitu kimeshapewa namba, kimepigwa picha, kimeoshwa. Na baya zaidi, nilishampelekea Bibi kadi ya mwaliko, bila kutaja sahani.

Mwanao

Skegness, 14 Juni

Amenunua kofia. Mimi nina homa, itaanza Ijumaa jioni. Baba yako atamleta.

Mama

Hagthorn, 20 Juni

Mama mgonjwa,

Pole na homa yenye ratiba. Bibi alifika na kofia yake, akasimama mbele ya sahani. Nikaanza kueleza habari za wezi. Wala hakunisikiliza. Akauliza, "Pale mmechimba hadi wapi?" Nikamwambia bado mita moja tufike chini. "Yatosha," akasema. "Paacheni. Pana nyoka."

Nyoka, handakini kwetu!

Leo tumeshuka hiyo mita. Bakuli la supu na mfuniko wake, na bakuli la mchuzi. Hata ufa hamna. Vimefungwa kwa gazeti, na tarehe bado inasomeka: Machi 1956. Mama, huyo paka alijifunza wapi kufunga mizigo?

Mwanao

Skegness, 23 Juni

Tamsin,

Homa imekwisha. Nilicheka mpaka baba yako akadhani nalia. Nikamwekea Bibi chai, nikamuuliza, "Mama, paka wako na wezi wangu, walikuwa wanafahamiana?" Akakoroga sukari taratibu. "Lynette," akasema, "ulichelewa. Mimi nilidhani hutamaliza hata mwaka."

Kumbe alijua tangu siku ile! Machozi ya Krismasi yalikuwa burudani yake. Nikamkumbatia, tukalia kweli sasa, wajinga wawili.

Haya, tuje kwako. Kampuni haizitaki sahani, makumbusho nayo yamekataa. Seti imetimia kwa mara ya kwanza tangu 1956, nawe unaolewa na Gareth Septemba. Bibi ameshampigia simu mama mkwe wako kumwambia seti ni yako. Amefurahi mno, anasema atakuja kula kwenu kila Jumapili.

Mama

Hagthorn, 25 Juni

Mama, na Bibi pia, maana najua anasoma,

Nimezungumza na kampuni. Handaki hawatalifukia lote, kipande kimoja kitabaki kuwa bwawa la bata. Nimewauliza kina chake.

Mita mbili na nusu.

Tamsin