Jogoo Aliyesimamisha Ndoa

Kiptere,
2 Februari 2025

Kwa Baba Chepkemoi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yangu, Nyambeki. Sisi tu wazima, ila mama ana kikohozi cha baridi. Natumaini wewe na Mama Rodah mko salama huko Merigi.

Mzee, simu zangu hupokei. Tulipokuja Januari kumposa Chepkemoi, mazungumzo yalienda vizuri mpaka mama akakukabidhi yule jogoo. Uliinuka, ukatokea mlango wa jikoni, hatukukuona tena. Mwezi umeisha na jibu hakuna.

Mama amelia. Anasema jogoo alikuwa mwembamba, ukaona umetukanwa. Sasa ananenepesha mwingine, anamlisha kuliko anavyonilisha mimi. Kama kosa ni jogoo, sema. Nampenda Chepkemoi na sitaki kumkosa kwa sababu ya ndege.

Mwanao,
Ogeto


Merigi,
11 Februari 2025

Mwalimu Ogeto,

Chamgei, nawasalimu. Sisi tuko wazima, ng'ombe wako wazima, mvua ndio imekataa. Mama yako anywe maji ya tangawizi.

Jogoo mwingine asije. Narudia: asije.

Hapa kwangu tunaongea habari ya ng'ombe. Ukitaka msichana wangu, lete mtamba mmoja, na umlete wewe mwenyewe. Sio mjomba, sio lori. Umshike kamba kutoka kwa gate mpaka zizini, ndugu zangu wote wakiangalia, ndio wajue wewe ni mwanaume. Nimeshawaambia. Nakungoja kabla ya Pasaka.

Na usipige simu. Simu yangu hushikwa na mke wangu Rodah, na Rodah akisikia jambo, Merigi yote imesikia. Barua mpe Obure, dereva wa lori la chai.

Baba Chepkemoi


Kiptere,
1 Machi 2025

Kwa Baba Chepkemoi,

Salamu. Kikohozi cha mama kimeisha, asante. Poleni na ukame.

Nilikuwa nimeandika barua nyingine kusema kuna karantini ya mifugo. Nimeichana. Wewe ni mzazi, sitakudanganya.

Mimi naogopa ng'ombe.

Sisemi fahali mkali. Ng'ombe yeyote, hata ndama. Nikimwona anatafuna tu, nageuka nilikotoka. Hata yule wa kwenye pakiti ya maziwa namgeuza aangalie ukuta. Wanafunzi wangu wa darasa la nne wanajua: ng'ombe akiingia uwanjani, wao ndio humfukuza, mwalimu yuko ndani anasahihisha vitabu. Chepkemoi pia anajua. Hunicheka, kisha hunishika mkono tukipita.

Nimesoma kwamba hofu kama hii, ya kitu ambacho mwenyewe unajua hakitakuua, humpata karibu mtu mmoja kati ya kumi. Kwa hivyo sijarogwa, wala siko peke yangu. Lakini najua kwenu ng'ombe ni kila kitu. Kama mtu kama mimi hawezi kuwa mkwe wako, niambie tu, nimwambie mama aache kulisha jogoo.

Mwanao,
Ogeto


Merigi,
18 Mei 2025

Ogeto,

Chamgei. Pasaka imepita na sikujibu, pole sana. Mvua imekuja, majani ni mengi mpaka lori linachelewa, na ndio nikapata nafasi ya kuchunguza maneno yako.

Tukingoja lori kwenye kituo cha majani chai, nilianza kuuliza watu polepole. Weh! Ndugu yangu Gibson, anayeangusha miti kwa msumeno wa injini, akiona kinyonga kwenye chai anatupa kikapu na kukimbia mpaka barabarani. Obure akivuka daraja lazima aimbe wimbo wa kanisa, tena kwa sauti. Mzee wetu wa kanisa anaogopa baluni. Kumbe ndio maana kwa harusi yeye hukaa nje. Jirani yetu Lenah alisema yeye haogopi kitu, eti wanaume wa siku hizi ni karatasi. Kiwavi akapanda kwenye leso yake. Tulimshusha kutoka juu ya meza ya kuchambulia majani, analia. Hao wataalamu wa mmoja kati ya kumi hawakufika Merigi.

Sasa nikwambie, na barua hii uichome. Jogoo wa mama yako alikuwa mzuri. Mimi ndio naogopa kuku. Yale mabawa yakipiga pa-pa-pa, mimi tayari niko mbio. Nilijificha ndani ya shamba la chai mpaka gari lenu likaondoka. Hata Rodah hajui, miaka yote namwambia kuku wanaharibu mboga. Niliona uso wa Chepkemoi jioni ile nikaumia sana, lakini nikaona afadhali anione mwenye tamaa kuliko mwoga. Mambo ya mtamba nilikuwekea ndio kelele ihamie kwako. Nisamehe.

Shida ni kwamba ndugu zangu bado wanamngoja huyo mtamba. Njooni tarehe kumi na nne Juni. Nitakuwa kwa gate. Jogoo abaki.

Baba Chepkemoi


Kiptere,
26 Mei 2025

Kwa Baba Chepkemoi,

Salamu za heshima. Tu wazima. Nimesoma, nikacheka mpaka machozi, nikaichoma. Nilikusamehe kabla sijafika mwisho.

Lakini jogoo habaki. Mama amemnunulia utepe mwekundu, na siwezi kumkataza bila kutoa siri yako. Jogoo niachie mimi. Mtamba akifika kwa gate, nakuachia wewe.

Mwanao,
Ogeto


Merigi,
17 Juni 2025

Kijana wangu Ogeto,

Chamgei. Tumeamka vizuri, ila tangu mwondoke Jumamosi ndugu zangu hawajanyamaza.

Gibson anasema hajaona heshima kama hiyo: mzee anavuta kamba mbele, mkwe anafuata nyuma ameshika koti la mzee, kichwa chini. Hakuna aliyejua umefunga macho. Na ulivyomnyakua jogoo ukatangaza eti kwenu mzee hashikishwi ndege, mkwe ndiye humpeleka jikoni, wazee walipiga makofi. Nyambeki mwenyewe alikuangalia kama anayeuliza desturi hiyo imeanza lini. Sasa Gibson amemwita mkwe wake wa Kedowa aje afundishwe.

Jana nilimketisha Chepkemoi nikamwambia ukweli wote. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akalia. Akasema, "Baba, tangu Januari nilidhani hutaki nipate nyumba yangu." Nilimwomba msamaha, mimi mzee mzima, na akanisamehe.

Harusi ni tarehe kumi na sita Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Mwambie mama yako alete kuku wote anaotaka, nitakula mpaka mifupa. Ila waje wakiwa ndani ya sufuria.

Baba yako,
Johana