Dada, Ule Muwasho Haukuwa Umalaya

Mpendwa dada Skola,

Shikamoo. Sina anuani yako. Tangu uliporudishwa na mumeo ukapanda treni kuelekea Mlimba, hatujapata hata salamu. Basi nimeamua kuiandika barua hii wazi, aisome yeyote, maana kufichaficha ndiko kulikotufikisha hapa. Anayetaka kuona aibu aone yeye. Mimi nimechoka.

Unakumbuka tulivyokuwa tunahamia shamba Katindiuka kila masika? Ukoo mzima kwenye dungu moja juu ya nguzo, maji chini. Asubuhi tunashuka kupalilia mpunga, maji yanafika mapajani, na tunashinda humo mpaka jioni. Nawe ulikuwa mvivu wa kupalilia, usikatae! Ukifika katikati ya jaruba unajifanya umeumwa na ruba, upate kupanda juu ukachome samaki. Nilikuwa nacheka hadi mama ananirushia tope.

Jioni tunarudi na nguo zimetugandia mwilini, tunakaa nazo mekoni mpaka zinaanza kukaukia hapo hapo. Zile chupi za nailoni za mitumba, jamani, zilivyokuwa zinabana! Na zikifuliwa, mama alikuwa na sheria moja: nguo ya ndani ya mwanamke haionwi na jua. "Baba yenu apite chini yake? Kaka zenu?" Tukazitandaza chini ya mkeka, tukazilalia. Masika yote hazikauki. Tunazivaa zina unyevu, zimeshika ukungu, zinanuka uvundo, na tunajiona mabinti wenye adabu. Hata ulipoolewa Kisawasawa ulikwenda na sheria hiyo hiyo.

Ni huko huko Kisawasawa muwasho ulikokushika. Nilikuja kukutembelea, ukanieleza tukiwa kisimani, umenipa mgongo. "Huku chini kunawaka moto, mdogo wangu. Na natokwa na uchafu kama maziwa yaliyoganda. Usimwambie mtu." Ulidhani hujajisafisha vya kutosha. Tulifundishwa tuingize kidole na sabuni mpaka ndani, basi wewe ukazidisha: sabuni ya mche, maji ya chumvi, halafu limau. Ukanunua vidonge vya rangi mbili dukani ukameza kama karanga. Na kadiri ulivyojisugua ndivyo ulivyozidi kuungua. Nilikuona ukitoka chooni machozi yanakutiririka.

Mama mkwe wako akakuona unajikuna nyuma ya jiko, akaanza kunong'ona na majirani. Shemeji aliporudi mwisho wa mwezi kutoka mashamba ya miwa, alikuta kesi imeshahukumiwa. Siku hizo UKIMWI ulikuwa umeingia masikioni mwa kila mtu, hata ukikohoa unatazamwa. Akaja kusimama uani kwetu Kibaoni, godoro lako limefungwa kwenye baiskeli, akamwambia baba, "Mwanao ameniletea gonjwa la barabarani." Hakuna aliyesema upelekwe ukapimwe. Baba aliinamisha kichwa. Mama alilia, akakuchemshia maji ya chumvi. Wiki hiyo hiyo ukaondoka bila kuaga.

Sasa sikiliza, dada. Mimi nimeolewa hapa hapa Kibaoni, nina mimba ya kwanza, na muwasho ule ule ukanishika. Niliogopa! Nikimwona tu mume wangu akilitazama godoro, roho inanipasuka. Nikajikaza, nikaenda kliniki ya wajawazito. Nesi akanipima, akanitazama usoni.

"Hawa ni fangasi. Mbona unatetemeka?"

"Siyo ugonjwa wa umalaya?"

"Nani kakwambia? Hata bikira wanampata. Na mimba huwapa nafasi zaidi. Chupi zako unaanika wapi?"

Kabla sijajibu, alishajua. Akaniambia kule ndani kunajisafisha kwenyewe, sabuni na limau vinakwenda kuharibu tu. Nioshe nje, kwa maji matupu. Nikitoka majarubani nivue nguo mbichi pale pale. Nivae za pamba zisizobana, nizianike juani, na nikiwa na pasi nizipige. Nikijisaidia nijifute kutoka mbele kwenda nyuma. Ile rangi mbili nisiiguse bila kuandikiwa, kwa sababu inaua na vijidudu vizuri vinavyowazuia hao fangasi. "Na ukiwashwa tena njoo upimwe," akasema, "yapo magonjwa mengine yanayofanana, usijitibu kwa kubahatisha." Akanipa vidonge vya kuweka ukeni.

Nimepona, dada. Vidonge tu! Siku ile ya kliniki nilikaa kwenye benchi la nje nikalia kwa hasira mpaka wajawazito wenzangu wakadhani nimepewa habari ya msiba. Ndoa yako, jina lako, vyote vimekwenda kwa nguo mbichi na limau. Shemeji ameoa mwingine, na abaki naye. Kinachoninyima usingizi ni wewe. Huenda hata leo, huko uliko, unajisugua na limau ukiamini umeoza. Acha, Skola. Acha leo hii. Nenda zahanati yoyote, useme bila kuzunguka.

Kwa mama nilikwenda nimeshapanga maneno ya kumchoma. Alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza yote, kwa ukali, wala sikumwonea huruma. Aliacha kuchambua, mikono imebaki ndani ya mchele. Nikajua sasa nitafokewa. Akasema, taratibu, "Mwandikie dada yako. Mwambie sikumfundisha kwa ubaya. Mimi nimewashwa tangu usichana wangu mpaka nimewazaa ninyi nyote. Nilidhani ndiyo kuwa mwanamke."

Maneno yangu yote yakaniishia, dada. Kesho nampeleka kliniki. Ameniomba tuingie wote chumbani kwa nesi, anaogopa kuingia peke yake, na huyo ndiye mama yetu aliyekuwa akitufokea mpaka ng'ambo ya mto wanasikia.

Ubaki salama huko uliko, lakini usibaki sana. Mlango uko wazi.

Ni mimi, mdogo wako uliyemwachia ziwa.