A tatu mbele ya jina lako

Mama Riziki,

Nimekaa kwenye kiti chako na situlii. Mara tatu nimesimama kufunga dirisha ambalo limefungwa tayari. Nikuambie moja kwa moja, maana hukupenda mtu wa kuzungukazunguka: nimekosa, na kosa lenyewe linakuhusu.

Matanga yako yalipokwisha, chef wa ofisi aliniita. "Ile jina ya marehemu iko mu mashine, uitoshe leo." Jioni akauliza, nikajibu nimeshaitoa. Uongo. Nilifungua orodha ya anwani za barua pepe kwenye ile mashine yetu ya kunakili, nikakukuta pale juu, na zile A tatu ulizoziandika mbele ya jina lako ili umpite kila mtu, hata chef. Tulicheka siku ile! Ulisema, "Miye ndiye niko nafika wa kwanza ku kazi, acha nikuwe wa kwanza na mu mashine." Kidole kilikataa. Nikamwongeza Papa Amani, aliyeshika kazi yako ya kupokea mafaili, chini yako, nikafunga.

Ulinifundisha mwenyewe: weka karatasi, gusa jina la kwanza, bonyeza cha kijani, ondoka. Miaka miwili, wewe ukiwapo, mkono wangu ulifanya hivyo. Basi kesho yake baada ya uongo ule akashuka mwalimu mmoja kutoka Bijombo, kule mlimani, Mwalimu Bahati, na faili lake la kuomba nafasi ya masomo. Nikaliskani mbele yake, nikamwambia limefika, nenda na amani. Kumbe limekwenda kwako. Sanduku lako la barua hakuna anayelifungua, na muda wa kuomba ukapita.

Juzi amerudi kuuliza jibu, viatu vimejaa tope la mlimani, anatabasamu. Nikatazama kwenye mashine, nikaona faili lilikwenda kwa jina lako, nikamwambia réseau, mtandao, ilikuwa mbaya. "Hakuna shida, dada," akasema, "réseau haina mwenyewe." Akaniachia na baraka, Mama!

Kwa nini ulijiweka juu? Nilikukasirikia, nisamehe. Si wewe. Ulikufa ghafla mno, na mimi nilitaka angalau mahali pamoja ambapo bado unawahi kazini.

Leo asubuhi nimekufuta. Mashine iliuliza kama nina hakika. Nililia mbele yake mpaka mlinzi akaja kuchungulia, kisha nikabonyeza. Faili la mwalimu nimelituma upya kwa Papa Amani, na chef nimemwambia ukweli wote. Alinikemea vya kutosha. Atajaribu kumwombea nafasi upya, lakini haahidi kitu.

Mwalimu mwenyewe bado hajui. Habari kama hii siwezi kuituma kwa simu. Kesho nashika njia ya Bijombo, nimwambie mbele ya mke wake kwamba ni mimi. Akinifukuza, nitashuka.

Naogopa, Mama. Lala salama. Nakuahidi sitageuka njiani.

Neema