Kaka, Lupu Yako Ilimruka Mama

Kaka yangu mkaidi,

Umekufa, na bado unanitia hasira! Leo nimeshinda hapa Kawajense nikihangaika na ile programu yako ya kuwatumia wakulima wa kijijini kwetu Mamba ujumbe kwamba zamu yao ya kukoboa mpunga imefika. Jamani, kaka! Mizunguko mitupu, lupu ndani ya lupu ndani ya lupu nyingine! Unaishika kompyuta mkono kama mtoto: nenda kwa huyu, mwangalie, ongeza moja, nenda kwa anayefuata. Nani alikuroga?

Unakumbuka tulivyobishana? Nilikuambia, "Iambie kompyuta unachotaka, njia itaijua yenyewe." Ukacheka. "Mdogo wangu, mimi nataka ipite mlango kwa mlango kama mjumbe wa nyumba kumi." Hata utotoni ulikuwa hivyo hivyo. Mama akisema leteni kuni kavu, mimi naleta kuni kavu; wewe unauliza uanzie mti gani. "We mtoto utanizeesha," anakwambia.

Wiki iliyopita nilikwenda Mamba kumwona. Majirani wanakusifia, kila mmoja ananionyesha simu yake: "Marehemu anatukumbuka mpaka leo." Mama akaendelea kusonga ugali. Tulipobaki wawili jikoni akasema, "Mimi hajawahi kunitumia. Hata alipokuwa hai. Niliona aibu kumuuliza. Nilimkosea nini mwanangu?" Niliusogeza ugali pembeni, kaka.

Leo nimeona tatizo. Kompyuta huhesabu kuanzia sifuri, wewe ukaianzisha lupu yako kwenye moja. Kwa hiyo mtu wa kwanza kwenye orodha, mwenye namba sifuri, anarukwa kila siku. Na wa kwanza ulimweka nani? Mama! Kabla ya mwenyekiti wa kijiji, kabla yako mwenyewe. Bwege wewe! Nimelia, sijui kwa hasira au kwa nini.

Nimezifuta lupu zako zote. Nimeweka ombi moja tu: kwenye wakulima, wachague wote ambao zamu yao imefika, watumie ujumbe. Basi. Hakuna cha kuanzia wapi.

Jioni mama kapiga simu, analia huku anacheka. "Amenitumia!"

Nilitaka kumweleza kuwa ni mimi. Lakini maneno ya ujumbe ni yako, sijagusa hata herufi, na mwisho kuna jina lako.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Na alikuandika wewe kwanza, kabla ya wote."

Pumzika, kaka. Ila zile lupu sikusamehei.

Ni mimi, mdogo wako ambaye ulikuwa humsikilizi.