Kwa Nini Tonton Alinichagua

Dilala, Kolwezi

Mama mupendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na papa. Mugongo wako unakuacha kulala sasa? Na dada yangu Noëlla, masomo yake yanaendelea? Mi niko muzima wa mwili. Hii barua inakufikia kwa mukono wa mama Mbuyi wa kanisa, juu simu niliyokuwa nakupigia nayo ni ya tantine Brigitte, bibi ya tonton, na alikuwa anabaki kando yangu kila nikikupigia. Soma ukiwa peke yako. Na nakuomba kwa magoti, usimupigie kaka yako, tonton François, hata ukisikia hasira namna gani.

Nianze na neno gumu, nisije nikalikimbia. Yaya Mechack, mutoto wako mwanaume, haendeshi moto ya taksi tena. Ile pikipiki iliuzwa zamani. Anachimba kobalti, yeye na benzake batatu, na banachimba mule mule mu nyumba ya tonton. Mulango wa shimo uko chini ya kitanda nilichokuwa nalalia. Kuchimba mu lupango, mu kiwanja batu banamokaa, kumekatazwa, familia zingine zilifukuzwa mu nyumba zao juu ya hiyo. Kwa hiyo bao banashuka muchana tu, wakati mashini ya tonton ya kusaga mahindi inanguruma pale mbele, mutu asisikie nyundo. Nilikuwa nikitoka masomo nakuta mifuko imeondoka, ubao umerudi, godoro limerudi, shuka limenyooshwa kushinda vile nililitandika mi. Kuna siku nilibaki nyumbani na homa. Niliweka sikio kwenye muto, nikasikia bananigongea kutoka chini.

Sasa nikuambie juu ya psychologue, ule munganga wa mawazo, juu yote yalianzia hapo.

Unajua vile niko tangu utoto. Mwalimu wa Kifaransa aliniita mbele nieleze somo. Nililijua lote, mama, lakini kinywa kilikataa. Hénock, ule anayekaa nyuma, akasema baniletee ndoo na kamba, labda maneno yako chini kama maji ya kisima. Darasa lote balicheka, na mi pia nilicheka nao, na hiyo njo iliniuma zaidi. Mwalimu hakucheka. Baada ya somo aliniuliza najiona niko mutu wa namna gani. Nilimujibu kwa Kifaransa, juu kwa Kiswahili aibu ingelikuwa yangu kabisa: nikasema niko kitu ambacho batu banapita kando yake. Akanituma kwa mama Godelieve, psychologue anayepokea batu siku ya Alhamisi mu kituo cha afya, karibu na nyumba za zamani za kampuni.

Tantine alisema huyo ni munganga ya bazimu, pastor ananitosha. Tonton yeye alicheka sana. Akasema: muache aende, batatazamana tu mpaka huyo mama wa batu asinzie. Ndivyo nilivyopata ruhusa.

Mama Godelieve ni mutu wa sauti ndogo. Siku ya kwanza alinipa kanuni yake: neno ninalosema mu chumba chake linabaki pale, isipokuwa kama maisha ya mutu yako mu hatari, hapo yeye hawezi kunyamaza, na hatanificha kwamba amesema. Kisha alileta karanga kwenye kisahani, tukamenya bila neno mpaka saa ikaisha. Nilirudi nyumbani mwepesi, sijui juu ya nini. Pole pole nilianza kumujibu. Akanipa kazi: kila siku nimusalimie mutu mumoja kabla yeye anisalimie.

Nilianza na mama Ntumba, mujane wa lupango ya jirani. Aliruka, akaniambia, eh, katoto, kumbe uko na sauti, tena ya kuimbia kwaya! Akaniingiza mu jiko lake nikule kiazi. Pale niliona. Sakafu imeshuka upande wa tonton kama sahani iliyoinama, na ukuta umefunguka, mukono wangu unaingia. Mama Ntumba anasema ni mvua. Amejaza ufa na udongo, udongo umeingia ndani wote, anashangaa unaenda wapi. Mi nilikula bila kuinua macho.

Tangu hapo tonton hakucheka tena. Alikuwa amenisikia nikisalimia batu njiani. Kila Alhamisi alikuwa ananingojea pa mashini, unga mu nyusi zake, ananiuliza tulisema nini. Nilimujibu, bitu bya masomo. Mangaribi moja aliniletea soda baridi, mi peke yangu kati ya batoto bote. Akaniambia kwa upole kwamba Mungu alinipa zawadi ya kunyamaza, nisiache batu ba diploma baniibie. Nilikunywa ile soda. Haikuwa na ladha.

Alhamisi iliyopita mama Godelieve aliniomba nimutajie siku moja ambayo mutu alinichagua mi. Nilikuwa nayo moja tu, naitunza kama nguo ya sikukuu. Unaikumbuka: tonton alikuja Tenke kutafuta mutoto wa kusomesha kwake. Wewe ulimutolea Noëlla, anayejua kupokea bageni. Yeye alisema hapana, Noëlla anasema mingi, nipe huyu. Sikukuambia, lakini nilienda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha. Kwa mara ya kwanza, mi mbele ya Noëlla!

Nilimueleza mama Godelieve na tabasamu. Nilipofika pale pa kusema Noëlla anasema mingi, tabasamu lilibaki usoni lakini maneno yalikatika. Aliniuliza polepole, juu ya nini tonton alitaka mutoto asiyesema? Niliona ile siku nilifika: batoto bake banalala batatu batatu, na mi napewa chumba peke yangu, kitanda kimetandikwa tayari. Nilidhani ni heshima, mama. Kumbe banahitaji mutu wa kuwekwa juu ya ule ubao.

Hapa njo naungama kwako: nilisema. Nilijua kanuni yake, na nilisema yote, shimo, yaya Mechack, jiko la mama Ntumba. Sauti ilikuwa inatetemeka lakini haikukatika. Mama Godelieve alinishika mukono tukaenda kwa mukubwa wa mutaa. Ule baba alitusikiliza vizuri. Hakushangaa. Aliuliza tu ni nani mwingine anajua. Kesho yake nilimukuta ameketi na tonton mu lupango, chupa katikati yao. Tonton hakunipiga. Aliniambia bitu byangu biko pa mulango.

Sikuondoka mara moja. Nilimungojea yaya Mechack, na alipokuja na taa yake pa kichwa nilipiga kelele mbele ya bamama bote baliopanga mustari na mahindi yao: yaya, usishuke, ukuta wa jirani umefunguka, mvua imeanza, mutakufa! Mashini ilikuwa inanguruma na bado balinisikia. Mechack alinitazama na macho mekundu, akacheka. Kadada, kumbe uko na sauti namna hii, ulikuwa unaificha wapi? Akasema mushipa wa kobalti uko karibu, imebaki kidogo tu baufikie, kisha atakununulia wewe, mama, bati za nyumba nzima. Akanigusa kichwa, akaingia.

Sasa nalala kwa mama Godelieve. Anatafuta ofisi nyingine ya kutusikiliza. Kila mahali banamuambia angojee. Mvua inanyesha kila muchana. Mama Ntumba nilimuambia kweli yote, amehamia kwa binti yake. Lakini Mechack anashuka bado, na mi sauti yangu imefika mwisho wake. Yako atasikia. Kuja, mama, simama juu ya lile shimo umuite kwa jina lake, hatathubutu kukuacha umesimama.

Usikawie. Jana nilikutana njiani na Mushiya, mutoto wa mwisho wa tonton, ule anayeanza masomo mwaka huu. Nilimuuliza analala wapi siku hizi. Alitazama nyuma, akaweka kidole pa midomo.

Unisalimie papa na nduguzo bote ba kanisa. Nitakuwa pa kituo cha gari za Tenke kila asubuhi, mpaka nikuone ukishuka.

Mutoto wako anayekupenda,
Naomie