Mikeka ya Mshazari Msikitini Kwetu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Ikungi alizeti tumevuna, ila nyumba imekuwa kimya tangu bibi yako atutoke.

Umeuliza kwa nini mikeka ya msikiti wetu imetandikwa mshazari. Msikiti ule aliujenga baba yangu. Nilipotoka kusoma dini Tabora, nikiwa kijana, nilisimika kijiti uani siku ile jua la mchana linaposimama juu ya Makka. Kivuli, ambacho saa hiyo hulala mstari mmoja na kibla, kikaonyesha kwamba tulikuwa tukiswali tumeelemea mno mashariki. Nikatangaza palepale, mbele ya watu wote.

Baba hakubisha. Tulipofika nyumbani akaniuliza taratibu, "Na mama yako je? Kaburini tulimlaza akielekea hukohuko."

Kesho yake nilimpeleka kwa shehe. Shehe alimwambia kwamba aliyekosea bila kujua hana lawama, kaburi liachwe. Ijumaa baba aliigeuza mikeka kwa mikono yake, kisha akasimama safu ya nyuma kabisa, yeye aliyezoea ya mbele.

Kuhusu kibla sikukosea, Zuhura. Lakini laiti ningemwambia kwanza nyumbani, tukiwa wawili. Siku hizi nikila peke yangu, hilo ndilo linalonijia.

Ukipata likizo njoo, twende makaburini tukawaombee wazazi wangu na bibi yako.

Babu yako